Jina Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Adela mwanangu,

Salamu sikupi. Asubuhi uliniamkia nikaitikia, mchana tukagombana, na sasa umekwenda kusukwa kwa jirani. Najua hutarudi kabla ya saa moja, maana huko mnasuka nywele chache na maneno mengi. Baba yako yuko kwenye migomba anakutafutia mkungu wa kubeba, ingawa nimemwambia huko Nyamahanga unakokwenda kufundisha nako wanakula. Kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu. Nimefuta meza, nimenyoosha karatasi, nimejaribu kalamu tatu mpaka nikapata inayoandika. Unanijua.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala marafiki wa kuchagua. Umekaa chuoni ukarudi mzima, na mambo hayo kama hukuyashika huko hutayashika kwa barua. Orodha niliyoibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako najua umeicheka na baba yako. Iache hapo hapo.

Nakuandikia jambo moja. Kesho jioni utaingia kwenye nyumba ya Oliva, na utakaa kwake mpaka upate chumba karibu na shule. Nilikuambia ni mtu niliyesali naye zamani hapa Keza. Si uongo, ila ni kipande kidogo cha ukweli, na ni mimi niliyekikata. Nataka ujue kilichobaki kabla hujakanyaga kwake. Akiamua kukueleza yeye ana haki yote, lakini nisingependa ukisikie kwa mara ya kwanza ukiwa umeshika sahani yake.

Lazima nianze na Mwalimu Zakaria. Wewe ulimjua akiwa mzee aliyekwisha, anakaa kibarazani na blanketi mapajani, anakuuliza jina lako mara tatu katika dakika tano. Na wewe ulimjibu mara tatu, kwa heshima ile ile, bila kucheka. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Ahsante. Mimi nilimjua akiwa na nguvu zake. Alikuwa katekista wa kigango chetu. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu, na Jumapili nyingine zote ibada aliongoza Mwalimu, amevaa koti la kahawia ambalo hata jua la saa saba halikumvua. Alikuwa na sauti mbaya ya kuimba, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia.

Lakini si ibada iliyotuvuta sisi vijana. Kilichotuvuta ni nyumbani kwake, Jumapili saa nane mchana. Mkewe, Mama Skola, alitandika mikeka uani, akaweka mtungi wa juisi ya ndizi kivulini, na katikati ya mikeka palikuwa na gunia. Gunia hilo kila wiki lilikuwa la mtu mwingine. Wiki hii la mjane aliyechelewa kuchambua maharage yake ya kupeleka sokoni, wiki ijayo la mama aliyejifungua juzi, au la mzee mgonjwa ambaye mahindi yake hayajapukuchuliwa. Mwalimu aliwapitia Jumamosi na baiskeli akalibeba. Sisi tulikaa kuzunguka, kila mtu na ungo wake mapajani, tukachambua mpaka jua lipoe. Sheria ilikuwa moja: ukitaka kusema, shika ungo kwanza. Mwenye mikono mitupu alisikiliza tu.

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku hizo, Adela, zenye mabango na chai na vitumbua. Sikumbuki hata moja ilisema nini. Ya Mwalimu nayakumbuka, kwa sababu yaliingia wakati mikono ina kazi na mtu hana nafasi ya kujifanya.

Alikuwa na swali lake. Tukishazama kwenye kazi, kelele zimepungua, aliuliza bila kuinua macho: "Nani alikubeba wiki hii?" Ilibidi umtaje mtu. Mungu, Mwalimu alisema, tutamfikia mwishoni, kwenye sala, asitumike kama kichaka cha kujificha. Alitaka mtu, na jina lake, na alichokufanyia. Halafu kabla ya Jumapili nyingine uwe umekwenda kwa huyo mtu, kwake, ukamwambia ahsante kwa mdomo wako. Hilo la kwenda ndilo lilitushinda wengi. Ni rahisi kumsifu mtu ukiwa mkekani, lakini jaribu kusimama mlangoni kwake huna jingine ulilofuata.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikasema mimi hakuna aliyenibeba. Maji nilichota mwenyewe, kuni nilikata mwenyewe, na nguo niliyovaa nilifua mwenyewe. Mwalimu akaendelea kuchambua.

"Na huo ungo ulioushika," akasema, "umesuka mwenyewe?"

Wenzangu wakacheka mpaka maharage yakamwagika. Ungo niliuchukua kwa bibi yangu. Jumatatu nikaenda kwa bibi kumshukuru kwa ungo, naye akaanza kunifokea, akidhani nimeutoboa.

Hakuwa mtu wa kutuhubiria. Mara nyingi alisimulia makosa yake mwenyewe, alivyotoroka chuo cha makatekista mara mbili kwa kukumbuka nyumbani, na mara ya tatu baba yake akamrudisha kwa miguu, njia nzima bila kumwambia neno. Alisimulia huku anatoa mawe kwenye maharage, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Sisi tulikuwa watoto wa wakulima, tulizoea watu wazima wasiokosea kamwe. Kumsikia mtu mzima anasema "hapo nilikosa" kulitufanya tumpende hata tusijue kwa nini.

Kati yetu alikuwepo Oliva. Kwao ni Mabawe, lakini aliishi hapa Keza kwa shangazi yake akisoma darasa la saba. Alikuwa mkimya, mwepesi wa mikono, akichambua peke yake watu wawili hawamfikii. Na alikuwa na kichwa. Mwalimu alimbakiza jioni akimfundisha hesabu za mtihani, Mama Skola akiwa jikoni pembeni anapika, na alituambia waziwazi kwamba huyu binti atafika mbali. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, msichana wa kwanza kijijini. Nilidhani kufika mbali kulikuwa kumeshachukuliwa.

Mwaka huo huo Mwalimu alianguka na baiskeli kwenye mteremko, akavunjika paja. Alilazwa, na baada ya hospitali akakaa kwa mwanawe wa kiume kuuguzwa. Jumla ilikuwa miezi minne. Siku wanampandisha kwenye pikapu, macho yameingia ndani kwa maumivu, alinishika mkono akasema, "Yustina, endeleeni." Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nikaisikia kama barua ya uteuzi.

Sasa nitakuambia nilivyoendelea, na ucheke, kwa sababu mwanzo wake unachekesha. Jumapili ya kwanza tu nilifanya uchaguzi. Tukapata mwenyekiti, makamu, na mhazini wa mfuko ambao haukuwepo. Katibu nilikuwa mimi. Nikaondoa mikeka pale uani kwake, nikaazima mabenchi ya darasani. Nikaandika ajenda: kufungua kikao, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, mada ya siku, mengineyo, kufunga. Swali la Mwalimu nililiweka ndani ya mada ya siku, dakika mbili kwa kila mtu. Watu walisimama, wakasafisha koo, wakamshukuru mwenyekiti.

Na gunia nililiondoa. Vumbi la maharage lilichafua daftari langu, na niliona ni aibu watu kufanya kikao huku wanachambua kama wako jikoni. Daftari lenyewe nililipiga mistari kwa rula, bluu kwa aliyekuwepo, nyekundu kwa aliyekosa. Lilikuwa zuri, Adela. Hata leo nikilikumbuka naona lilikuwa zuri.

Tukapitisha kanuni: anayekosa vikao vitatu mfululizo jina lake linafutwa, na linatangazwa kigangoni baada ya ibada ili wengine wapate funzo. Nasema tulipitisha. Niliiandika mimi nikawasomea, wakapiga makofi.

Oliva akakosa Jumapili ya kwanza. Akakosa ya pili. Sikuuliza. Nyumba ya shangazi yake ilikuwa karibu na kwetu kiasi cha kusikia wakitwanga, na sikuuliza. Alipokosa ya tatu nilichukua rula, nikaiweka sawasawa juu ya jina lake, nikalikata kwa wino mwekundu. Nakiri mbele yako kwamba nilisikia raha.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kigango kizima, nikasoma: "Oliva ameondolewa katika kundi la vijana kwa mujibu wa kanuni." Jina lilikuwa hilo moja tu. Unajua huku kwetu msichana akisomwa jina kanisani watu wanasikia nini. Neno kanuni halikuingia sikio la mtu. Walisikia mimba. Kabla ya saa kumi wanawake kisimani walikuwa wameshahesabu miezi na kumtafuta mhusika. Shangazi yake hakuweza kupita njiani. Katikati ya wiki alimfungashia nguo zake akamrudisha Mabawe kwa baba yake, zikiwa zimebaki wiki tano kabla ya mtihani. Hakuwa na mimba yoyote. Mtihani hakufanya.

Kwa nini alikuwa amekosa vikao, nilikuja kujua baadaye. Shangazi alimruhusu Jumapili kwa sababu ya kazi. Mara nyingine gunia lilikuwa la shangazi mwenyewe, na hata lisipokuwa lake, Oliva alikuja na kikapu kutoka nyumbani akarudi nacho kimechambuliwa. Jumapili ya Oliva ilikuwa haimpotezei shangazi kitu. Nilipoondoa gunia, shangazi alimwambia, "Kama mnakwenda kukaa tu kwenye mabenchi, kaa hapa." Kwa hiyo mtu niliyemfuta kwa kukosa, mlango nilikuwa nimeufunga mimi.

Mwalimu alirudi na fimbo. Hakutupa taarifa, alitokea tu Jumapili moja, akakaa benchi la nyuma, mguu ameunyoosha. Tulikuwa tumebaki saba. Nikafungua kikao kwa mbwembwe zote ili aone. Nikasoma muhtasari, nikapita yatokanayo. Tulipofika mengineyo akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Katibu, mimi nina mengineyo. Oliva yuko wapi?"

"Alikosa vikao vitatu, Mwalimu."

"Sikuuliza amekosa vingapi. Nimeuliza yuko wapi."

Nikafungua daftari. Hebu unione nikifungua daftari, Adela, natafuta jibu kati ya mistari. Mwisho Mama Skola akasema kutoka jikoni kwamba yule mtoto alirudishwa kwao, na akaeleza kwa nini. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akainuka kwa shida.

"Kesho kutwa wewe na mimi tunakwenda Mabawe," akaniambia.

Tulipata nafasi juu ya gari la ndizi, yeye na paja lile, kila shimo la barabara anafumba macho. Tulimkuta Oliva anapalilia kahawa na mama yake. Alikuja akamwamkia Mwalimu shikamoo akiwa amepiga magoti, mimi akanitazama tu. Baba yake akatoa viti. Mtihani ulikuwa umepita wiki mbili zilizotangulia, na baba alisema habari ya kurudia darasa asiisikie, binti aliyetangazwa kanisani anatafutiwa mume. Mwalimu akamgeukia Oliva, akasema, "Yustina ana neno lake."

Na mimi nikasimama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na cheti, na viatu. Nikamweleza Oliva utaratibu. Nikamwambia kulikuwa na kanuni iliyopitishwa na wajumbe, na kwamba mahudhurio yalionyesha hivi na hivi, na kwamba haikuwa na nia mbaya. Nilieleza vizuri, bila kukwama popote. Yeye alisikiliza mikono imejaa udongo, na nilipomaliza akaniletea maji ya kunywa, maana nilikuwa mgeni.

Ndipo Mwalimu alipoegemea fimbo yake, akamwomba msamaha yule mtoto. Alisema, "Niliwaacha vijana wangu bila kuwafundisha kuuliza. Nimekukosea." Mzee yule, mbele ya baba wa watu, kwa kosa langu. Mimi nilikuwa natazama kuku.

Njiani kurudi hakunigombeza. Tulikaribia Keza ndipo alipofungua mdomo. "Maelezo umeyatoa vizuri," akasema. "Ile pole yake umerudi nayo." Basi. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka anakufa, na mimi nilijua analingojea.

Jumapili iliyofuata sikwenda kwake. Wala ya pili. Niliona aibu ya kila kitu, mpaka ya koti lake. Jumapili ya tatu, saa kumi hivi, nikasikia fimbo uani kwetu. Mwalimu alikuwa amekuja na kikapu cha maharage, amembebesha mtoto wa jirani, akakaa mkekani na mama yangu, wakaanza kuchambua na kuzungumza habari za mvua. Mimi nimejificha chumbani nasikiliza. Baada ya muda akaita, bila kupaza sauti, "Yustina, ungo wako uko wapi?" Nikautoa. Nikakaa. Nikachambua nalia, machozi yanaanguka kwenye ungo, na hakuna aliyeniambia ninyamaze wala aliyeniuliza nalia nini.

Kwa kanuni yangu mwenyewe, siku hiyo nilistahili kukatwa. Mwanangu, nikikuambia kwamba nina mengi ya kushukuru, namaanisha kuanzia hapo. Baba yako nilimpata kwenye mikeka ile, baada ya gunia kurudi. Uvumilivu kidogo nilionao kwako nilifundishwa pale. Zile mara nilizokuja kukaa pembeni ya kitanda chako umekasirika, nikakunja nguo bila kusema, usidhani nilizaliwa na hekima hiyo. Mimi nilizaliwa na rula. Daftari, kwa taarifa yako, mwenye duka alilichana akafungia karanga, na nilinunua karanga zile nikakuta ukurasa wa Agosti.

Lakini kwa Oliva sikurudi. Nilisikia ameolewa Nyamahanga, huko Biharamulo, nikajiambia ni mbali. Halafu nikajiambia mvua. Halafu nikajiambia nina mtoto mchanga, ambaye ni wewe. Ukakua, ukaanza shule, ukaenda chuo, na mimi bado namnyonyesha yule mtoto mchanga.

Mwaka jana Mwalimu alipofariki wewe ulikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, hukuja. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake wengine, tunapika kwa ajili ya msiba. Likaja gari dogo kutoka Biharamulo, akashuka mwanamke mnene amejifunga kitenge cha bluu, na nyuma yake vijana kama kumi. Nilimtambua kwa mikono. Alimkumbatia Mama Skola, wakalia. Vijana wale hakuna aliyewatuma kitu. Waliona gunia la maharage ya waombolezaji halijaguswa, wakaomba nyungo, wakakaa chini. Baada ya muda nikasikia mmoja wao, binti wa umri wako, anauliza wenzake taratibu, "Haya, nani alikubeba wiki hii?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale nimeshika mwiko. Nikaelewa. Huko Nyamahanga, kila Jumapili, nyumbani kwake, Oliva amekuwa akitandika mikeka. Yeye niliyemfuta ndiye aliyebeba kitu chote akaenda nacho, na mimi niliyekuwa na mihtasari yote sikubaki na hata mkeka. Nilifurahi, Adela. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, na siwezi kukutenganishia. Mama mmoja akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema moshi. Nikajificha kwenye moshi huo siku mbili, mpaka gari lao likaondoka. Oliva alitazama jikoni mara moja. Nilijiinamia kwenye sufuria.

Kwa hiyo ajira yako ilipotoka, ukaja unaruka na simu yako, na nikasoma neno Nyamahanga, nilikaa chini. Ulidhani ni furaha. Tulihitaji mtu wa kukupokea na hatukuwa na mwingine. Hata hapo sikumpigia mwenyewe, nilimwomba Mama Skola. Alipiga nimekaa naye pale pale. Oliva akasema, "Mtoto wa Katibu? Aje. Chumba kipo." Akakata. Nilimuuliza Mama Skola alivyolisema neno Katibu, kwa kucheka au kwa uchungu. Akaniambia, "Mimi ni mzee, masikio yangu yanasikia maneno, sauti hayazioni." Nikamuuliza tena kesho yake, akanifukuza.

Sijui, basi, unaingia kwa mtu wa namna gani. Najua utapewa chakula na mahali pa kulala, kwa kuwa aliniletea maji siku ile. Zaidi ya hapo sijui. Jumapili utamwona ametandika mikeka. Kaa chini na wenzako, chukua ungo, na kama wanamenya mihogo menya mihogo. Usiwaambie umesoma chuo, watajua tu.

Shuleni utapewa daftari la mahudhurio. Lijaze, serikali inalitaka, na una mwandiko mzuri. Nimeona ulivyopanga vyeti vyako kwa tarehe, nikasema Mungu wangu, huyu ni mimi. Mtoto akikosa siku mbili, waulize wenzake anakaa upande gani. Ni hilo tu, na hata hilo nalisema kwa sababu mimi sikulifanya na nyumba ilikuwa jirani.

Wiki hii nzima nilikuwa natunga maneno ya kukutuma. "Mwambie mama anasema hivi." Nimeyaandika mara nne leo hii, karatasi zimo jikoni. Ya kwanza ilikuwa na aya saba. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja, na niliposoma ule mstari nikaona ninachotaka kufanya. Nataka mwanangu, siku yake ya kwanza kuingia maisha yake, abebe deni la aibu yangu mpaka mlangoni kwa mtu ambaye yeye hakumkosea chochote, halafu mimi nikae hapa Keza nisubiri simu. Nimezichana.

Nakuja na wewe kesho. Najua utanuna. Ulitaka kwenda peke yako, na una haki, wewe ni mwalimu wa watu. Nimeshamwambia yule wa bodaboda aje na mwenzake alfajiri, mmoja akubebe wewe na sanduku, mwingine mimi na ndizi za baba yako. Kwenye basi unaweza kukaa kiti cha mbali nami na usiniite mama. Nitalala huko usiku mmoja nikikaribishwa, na nisipokaribishwa nitageuka na gari la jioni, na wewe utabaki, usinifuate.

Ila nakuomba kitu kimoja. Tukifika, simama nyuma na mizigo, niache nibishe hodi mimi. Nina maneno mawili tu, nimekukosea, na nisamehe. Huenda atanyamaza muda mrefu. Unanipenda, na unajua kusema kuliko mimi, utataka kuingilia unitoe pale. Usinisaidie, Adela. Niache nisimame.

Mama yako,
Yustina